Mwongozo kamili: kuunganisha kompyuta ya gemu ya bei nafuu kwa vifaa vipya, ukiwa Mbeya, Iringa au Njombe

Ujumbe ninaoupata mara nyingi kutoka kwa vijana wa Nyanda za Juu Kusini ni uleule. Vifaa vimenunuliwa, vimefungwa vyote ndani ya kasha, kitufe kimebonyezwa, feni zinazunguka vizuri kabisa, lakini skrini imebaki nyeusi. Anaitwa fundi, fundi anaanza kubadilisha kifaa kimoja kimoja, na kila badiliko ni hela.

Mara nyingi hakuna kilichoungua. Vifaa haviendani, au kuna waya mmoja haujachomekwa, au RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) haijaingia hadi mwisho. Makosa hayo yote yanaonekana mapema ukiiwasha mashine ikiwa bado mezani, kabla ya kufunga chochote kwenye kasha. Ndiyo sababu hatua ya 5 ipo. Wanaokwama karibu wote wameiruka.

## Vifaa vinavyohitajika

Mchanganyiko huu ni wa mtu anayetaka kucheza eFootball, Fortnite, Valorant au GTA V kwa picha safi kwenye monita ya 1080p, bila kulipia nguvu asizozihitaji.

- Prosesa: AMD Ryzen 5 5600. Ina viini 6, inatumia wati 65, na ile ya boksi rasmi huja na kipozeo chake.
- Madabodi (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote): yenye soketi ya AM4, yaani mahali prosesa inapokaa, aina ya B550 (au B450 kwa masharti nitakayoyaeleza), saizi ya Micro-ATX.
- RAM: DDR4 ya kasi ya 3200, GB 16, kwa vipande viwili vya GB 8.
- SSD (diski ya kuhifadhia): NVMe ya M.2, GB 500. Ukiweza TB 1, chukua hiyo.
- Kadi ya michoro: Radeon RX 6600 ya GB 8.
- Pawa saplai: wati 550, yenye alama ya 80 Plus Bronze, ya kampuni inayojulikana.
- Kasha: lenye matundu mbele na feni zisizopungua mbili.
- UPS (kifaa chenye betri kinachoibeba mashine kwa muda umeme ukikatika).
- Vya mkononi: bisibisi ya nyota yenye sumaku, flashi ya GB 8 au zaidi, vibano vya plastiki vya kufungia waya, na tochi ya simu.

Kwenye kugawa hela, msimamo wangu ni huu: kadi ya michoro ichukue fungu kubwa kuliko kifaa kingine chochote, na pawa saplai usiipunguze hata shilingi. Taa za rangi, kasha la kioo na kibodi ya kung'aa vinaweza kusubiri mwaka mzima. Pawa saplai ya bei ya kutupwa ikifa, inaweza kuondoka na vifaa vingine vyote.

Bajeti ikikubana sana, kuna njia nyingine ya heshima. Nunua Ryzen 5 5600G badala ya 5600, uache kadi ya michoro kwanza. Herufi G inamaanisha prosesa ina uwezo wa kutoa picha yenyewe. Gemu nyepesi zitacheza ukishusha viwango vya picha, na kadi utaiongeza utakapojipanga. Kwa njia hii, vipande viwili vya RAM ni lazima, kwa sababu michoro inatumia RAM hiyohiyo, na kipande kimoja kinaipunguzia kasi waziwazi.

## Hatua ya 1: Hakikisha vinaendana kabla ya kutoa hela

Andika vifaa vyote kwenye karatasi moja, kisha pitia maswali haya moja baada ya jingine.

Soketi ni moja? Ryzen 5 5600 inakaa kwenye AM4 tu. Intel Core i3-12100F, ambayo nayo ni prosesa nzuri ya bei ya chini, inataka madabodi ya LGA1700. Hakuna namna ya kulazimisha.

Picha itatoka wapi? Ryzen 5 5600 haitoi picha bila kadi ya michoro. Prosesa za Intel zenye herufi F nazo ni hivyohivyo. Ukinunua mojawapo ya hizi "kadi nitaweka baadaye", utakaa na skrini nyeusi mpaka hiyo baadaye ifike.

BIOS ya madabodi (programu yake ya ndani inayoiwasha mashine) inaitambua prosesa? Hapa B450 ndiyo inawasumbua wengi. Prosesa za familia ya Ryzen 5000 zilianza kutoka mwishoni mwa 2020, na B450 ni ya zamani kuliko hapo. Madabodi iliyokaa dukani muda mrefu inaweza kuwa mpya kabisa lakini haiijui prosesa yako. Angalia kama boksi limebandikwa maandishi ya kuonyesha inapokea Ryzen 5000, au chagua madabodi yenye kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi bila prosesa. Kama huoni lolote kati ya hayo, mwambie muuzaji asasishe mbele yako kabla hujalipa.

RAM ni DDR4? DDR5 haiingii kwenye soketi ya DDR4; pengo lake limekaa mahali tofauti. Usisukume.

Kadi inaenea kwenye kasha? Kila kasha linataja urefu wa kadi linaloupokea kwa milimita. Linganisha na urefu wa kadi yako.

Pawa saplai ina waya wa kadi? RX 6600 nyingi zinataka waya wa pini 8, ulioandikwa PCIe au VGA. Muulize muuzaji, na usiridhike na jibu la mdomo:

"Kaka, hii ina waya wa pini nane wa kadi?"

"Ipo bosi, waya zote hizi zinafanana."

Hazifanani. Waya wa prosesa nao una pini 8, na unagawanyika nne kwa nne. Wa kadi unagawanyika sita na mbili. Umbo la pini na mpangilio wa umeme ni tofauti. Omba boksi lifunguliwe, shika waya, soma maandishi kwenye plagi yake.

Umemaliza hatua hii pale kila swali lina jibu lililoandikwa kwenye karatasi yako, siyo kichwani.

## Hatua ya 2: Kununua na kusafirisha

Ukizunguka Mwanjelwa, Mbeya, au maduka ya Miyomboni, Iringa, utapata kasha, UPS, monita, kibodi na pengine RAM na SSD. Kadi za michoro na madabodi mpya wengi wanaagiza Kariakoo na kutumiwa kwa basi. Hakuna ubaya, mradi ufuate mambo manne.

Dai risiti ya EFD yenye jina la kifaa kamili. "Computer parts" iliyoandikwa kwa jumla haitakusaidia siku ya kurudisha.

Omba video fupi au picha ya namba ya utambulisho (serial number) ya kifaa pamoja na ya boksi. Zikitofautiana, huo siyo mzigo mpya.

Jihadhari na kadi "mpya" za bei ya ajabu, hasa RX 580 zilizoandikwa 2048SP. Nyingi zimeshatumika kuchimba sarafu za mtandaoni, zikavishwa feni mpya. Zipo pia kadi zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitaje kwa jina kubwa kuliko uwezo wao.

Mwambie muuzaji kila kitu kibaki kwenye boksi lake, na maboksi yafungwe pamoja kwenye boksi kubwa lililojazwa vitu laini pande zote. Usikubali mashine iliyokwisha kufungwa isafirishwe na kadi ikiwa ndani. Kadi ni nzito na imeshikwa na soketi nyembamba. Kona za Kitonga na matuta ya barabarani vinatosha kuing'oa.

Mzigo ukifika, hasa Juni na Julai, usiufungue hapohapo. Boksi lililolala usiku kucha kwenye buti la basi likipita Makambako lina baridi kali. Ukilifungulia kwenye chumba chenye jiko la mkaa, unyevu wa hewa unageuka matone ya maji juu ya vifaa. Liache limefungwa chumbani saa kadhaa mpaka lilingane na joto la ndani.

## Hatua ya 3: Andaa umeme na meza

Tazama soketi ya ukutani kwanza. Nyumba nyingi zina soketi ya matundu matatu lakini waya wa athi (unaopeleka umeme uliovuja ardhini) haujaunganishwa popote. Bila athi, kasha la chuma linaweza kukutekenya kwa umeme, na kinga ya radi kwenye ekstensheni haina pa kuupeleka umeme wa ziada. Mwite fundi umeme apime. Usitumie adapta ya kubadilisha plagi ya pini tatu kuwa mbili; adapta hiyo inakata athi moja kwa moja.

Baadhi ya pawa saplai zina swichi nyekundu ndogo nyuma, 115 na 230. Hapa kwetu ni 230. Ikiwashwa ikiwa kwenye 115, inalipuka.

Sasa meza. Iwe ya mbao, imefutwa vumbi, mbali na dirisha linaloingiza vumbi jekundu la kiangazi. Vua sweta la sufu. Hewa ya kiangazi huku kwetu ni kavu, na sufu ikisuguana na kiti inajaza mwili umeme tuli ambao huusikii lakini chipu inausikia. Kwa sababu hiyohiyo usifanyie kazi kitandani juu ya blanketi. Kila unaposhika kifaa kipya, gusa kwanza chuma kisicho na rangi cha kasha.

## Hatua ya 4: Prosesa, kipozeo, RAM na SSD

Weka madabodi juu ya boksi lake la karatasi. Usiiweke juu ya mfuko wake wa kung'aa, kwa kuwa upande wa nje wa mfuko huo unaweza kupitisha umeme.

Prosesa. Inua mkono mdogo wa chuma pembeni mwa soketi hadi usimame wima. Kwenye kona moja ya prosesa kuna pembetatu ndogo ya dhahabu, na soketi nayo ina alama ya pembetatu. Zilinganishe, kisha ishushe prosesa bila kuikandamiza. Ikiwa imekaa sawa itazama yenyewe kwa uzito wake, na pini hazitaonekana tena kutoka pembeni. Ikigoma, iinue, uitazame upya. Pini za AM4 ziko chini ya prosesa yenyewe, na moja ikipinda ndiyo mwanzo wa matatizo. Kwa Intel LGA1700 pini ziko ndani ya soketi, kwa hiyo humo usitie kidole kabisa. Ikishakaa, laza mkono wa chuma chini.

Kipozeo. Kinachokuja na Ryzen 5 5600 kinafungwa kwa skrubu nne zenye springi. Madabodi ina vishikio viwili vya plastiki kandokando ya soketi, vifungue uvitoe. Wakati unavifungua, shikilia kwa mkono bamba la chuma lililo mgongoni mwa madabodi, maana litadondoka, na skrubu zako zinalihitaji.

Chini ya kipozeo kuna pesti ya kijivu ya kupitisha joto, iliyopakwa kiwandani. Usiiguse, usiifute, usiongeze nyingine. Shusha kipozeo mara moja, wima, na usikizungushe juu ya prosesa. Kaza skrubu kwa kukingama: mizunguko michache kwenye moja, kisha ile ya pembe ya mkabala. Ukikaza upande mmoja hadi mwisho kwanza, kipozeo kinakaa mshazari na joto halitoki. Mwisho chomeka waya wa feni mahali palipoandikwa CPU_FAN.

RAM. Ukiwa na soketi nne, hesabu kuanzia upande wa prosesa: vipande viwili vinakaa ya pili na ya nne. Zikikaa jirani jirani, mashine inaweza kuwaka lakini inapoteza kasi bure. Linganisha pengo, sukuma kwa vidole gumba ncha zote mbili. Inataka nguvu kuliko watu wanavyodhani. Sikiliza "ta" ya klipu kujifunga. Kama hujaisikia, RAM haijaingia, hata kama kwa macho inaonekana imeingia.

SSD. Iingize ikiwa imeinuka kidogo, ilaze, uifunge kwa skrubu yake ndogo.

## Hatua ya 5: Iwashe ikiwa mezani

Sogeza madabodi hadi ukingo wa boksi, ili chuma cha kadi ya michoro kining'inie nje na kadi izame vizuri kwenye soketi ndefu ya juu. Kisha:

1. Chomeka waya mkubwa wa pini 24 kwenye madabodi.
2. Chomeka waya wa pini 8 wa prosesa, juu kushoto mwa madabodi. Huu ndio unaosahaulika kuliko wote.
3. Chomeka waya wa pini 8 wa kadi.
4. Chomeka kibodi, na kebo ya HDMI kwenye kadi, siyo kwenye madabodi.
5. Chomeka pawa saplai ukutani, uwashe swichi yake ya nyuma.

Kitufe cha kuwashia kiko kwenye kasha, ambalo bado hulitumii. Fungua kijitabu cha madabodi, tafuta pini mbili zilizoandikwa PWR_SW, uziguse zote mbili kwa pamoja kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja. Hizo mbili tu. Tumia tochi usome vizuri.

Mara ya kwanza ipe dakika moja au mbili, kwa kuwa madabodi inaisoma RAM na inaweza kujizima na kujiwasha yenyewe. Umefaulu ukiona ukurasa wa BIOS ukitaja jina la prosesa, GB 16 za RAM na SSD yako. Angalia pia joto la prosesa: likiwa nyuzi 30 hadi 50 hivi na halipandi mfululizo, kipozeo kimekaa.

Skrini ikibaki nyeusi, usikimbilie dukani. Madabodi nyingi zina taa nne ndogo zilizoandikwa CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (kadi ya michoro) na BOOT (diski ya kuwashia). Inayobaki imewaka ndiyo inakuonyesha pa kuanzia. Kama hazipo, fuata mpangilio huu, ukizima na kuchomoa umeme kila mara:

- Chomoa na uchomeke tena waya wa prosesa na wa kadi.
- Toa RAM zote, rudisha kipande kimoja kwenye soketi ya pili. Kikishindwa, jaribu kile kingine.
- Toa kadi, uirudishe hadi klipu ya soketi ilie.
- Badilisha kebo ya HDMI, na hakikisha monita imechagua mlango huo.
- Toa betri ya duara ya madabodi kwa dakika tano, uirudishe.

Ikiwa yote yameshindikana na taa ya CPU bado inawaka, rudi kwenye suala la BIOS la hatua ya 1. Uzuri ni kwamba kila kitu bado kiko wazi mezani, na unarudisha kifaa dukani kikiwa hakina mkwaruzo.

## Hatua ya 6: Ingiza kwenye kasha

Zima, chomoa umeme, toa kadi.

Bandika kwanza bamba la chuma la milango ya nyuma, kama halijashikana na madabodi. Halafu hesabu nguzo ndogo za shaba ndani ya kasha: kila moja iwe chini ya tundu la skrubu la madabodi. Nguzo iliyosimama pasipo na tundu itagusa mgongo wa madabodi na kuleta shoti. Mashine iliyowaka mezani ikigoma ndani ya kasha, anza kuchunguza hapa.

Pitisha waya wa prosesa kwenye tundu la juu la kasha kabla ya kufunga madabodi. Baadaye mkono hautapita. Skrubu zikaze mpaka zishike, usizikaze kupita kiasi.

Waya vidogo vya mbele ya kasha (kitufe, taa) fuata mchoro wa kijitabu. Vya kitufe havina upande. Vya taa vina chanya na hasi. Plagi pana ya USB ya mbele ina pini nyembamba, iingize wima.

Feni za mbele ziingize hewa, ya nyuma itoe. Funga waya kwa vibano ili zisiguse feni, rudisha kadi, uwashe tena. Ukurasa uleule wa BIOS unatakiwa kurudi.

## Hatua ya 7: BIOS, Windows na gemu

Ndani ya BIOS tafuta XMP au DOCP (mpangilio wa kasi ya RAM), uiwashe. Bila hivyo RAM uliyoinunua kwa kasi ya 3200 inaendeshwa chini ya hapo. Hakikisha pia fTPM (kinga ya usalama iliyo ndani ya prosesa) imewashwa, kwani Windows 11 inaidai. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo sioni sababu ya kuanzia huko.

Tengeneza flashi ya kusakinishia kwa programu inayotolewa na Microsoft yenyewe, na weka humo draiva (programu inayoiwezesha Windows kutumia kifaa) ya mtandao ya madabodi yako. Windows ikimaliza, weka draiva ya kadi kutoka tovuti ya AMD. Kisha fungua Task Manager upande wa kumbukumbu: isome 3200. Endesha pia programu ya GPU-Z, ambayo ina uwezo wa kugundua kadi nyingi za kughushi. Fanya hivyo siku hiyohiyo, ukiwa bado na haki ya kurudisha.

Kuhusu bando: GTA V peke yake inazidi GB 100. Kama rafiki yako anayo gemu unayoimiliki nawe kwenye Steam, nakili folda yake kwa diski ya nje, uiweke mahali pake, Steam itaikagua na kupakua kilichopungua tu.

## Hatua ya 8: Ipime ikiwa na kazi nzito, kisha iwekee ulinzi

Cheza gemu nzito saa nzima huku programu ya kupima joto ikiwa wazi. Kikomo cha Ryzen 5 5600 ni nyuzi 90. Ikicheza kwenye 70 na kitu, uko salama. Ikigusa 85 na baridi hii ya kwetu, kipozeo kimekaa mshazari au feni za kasha zimegeuzwa. Hewa ya juu huku ni nyepesi kuliko ya Dar, inabeba joto kwa shida kidogo zaidi, lakini ubaridi wa Mbeya na Njombe unafidia vizuri mradi vumbi halijaziba matundu. Kiangazi, safisha chujio la mbele kila mwezi.

Kwa matumizi ya umeme, hesabu wati 250 hivi pamoja na monita ukiwa ndani ya gemu. Saa nne ni uniti moja ya LUKU.

Kwenye UPS soma wati, usisome VA. Iliyoandikwa 650VA kwa kawaida inabeba chini ya wati 400, na hiyo inatosha mashine hii na monita yake kwa dakika chache za kuhifadhi na kuzima. Chagua yenye kurekebisha volti zinapopanda na kushuka. Ijaribu mapema: ukiwa ndani ya gemu, chomoa plagi yake ukutani. Mashine ikizimika papo hapo, UPS hiyo haifai, irudishe.

Msimu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, UPS haitakukinga na radi inayopiga karibu. Ukisikia ngurumo zinasogea, zima mashine, chomoa plagi ya UPS ukutani, na chomoa pia kebo ya intaneti iliyo nyuma ya kasha, maana radi inaingia kwa njia hiyo hata kama umeme umeukata.